DISKI IMEJAA? USIGUSE PICHA ZA MGENI!

Haya wapenzi wa safu hii, leo zamu ya wapiga picha wa Paje. Kusi linavuma, vishada vimejaa baharini, mgeni kapigwa picha mia nne na kesho anapanda ndege. Unafungua Photoshop, inakugomea: diski imejaa! Wengi hapo wanaanza kufuta picha. Ngoja kwanza, bwana.

RAM ikielemewa, Photoshop inahamishia kazi kwenye diski, kwa kawaida ile ya C. Picha moja yenye tabaka nyingi yaweza kula gigabaiti kadhaa. Tena programu ikizimika ghafla, mabaki yanabaki kwenye folda ya Temp, jina lake linaanza na "Photoshop Temp". Ifunge Photoshop, futa hayo, halafu mwaga na lile pipa la taka la kompyuta.

Haifunguki kabisa? Kwenye Windows, ifungue huku umeshikilia Ctrl na Alt, itakuuliza itumie diski gani. Ipe ya nje yenye nafasi. Vile viflashi vya bei poa achana navyo, vitakuchelewesha kuliko daladala ya Bwejuu inayongoja abiria.

Na kagua vipimo vya kukatia picha. Ukiweka inchi 1200 badala ya pikseli 1200, umeomba picha ya mita 30 na ushei. Diski gani itakubali?