Ng'ombe Akifa Ghafula, Weka Kisu Chini

Wakulima wengi katika skimu zetu huudhika Bwana Mifugo anapowakataza kumchuna ng'ombe aliyekufa ghafula, kisha akatwaa damu kidogo sikioni na kuipeleka maabara. Husema, "Tone moja la damu litamwambia nini? Afadhali tumpasue tuone wengu." Mimi naona wamekosea.

Ugonjwa unaoogopwa hapo ni kimeta, kile kilichoua nyati wengi katika mbuga ya Ziwa Nakuru mwaka 2015. Mzoga usipopasuliwa, viini vingi vya kimeta hufa humo unapooza. Ukipasuliwa, hupata hewa, hujifunga ndani ya ganda gumu, na hukaa udongoni miaka makumi. Katika kisiwa cha Gruinard huko Scotland, ambako kimeta kilijaribiwa kuwa silaha mwaka 1942, ardhi haikutangazwa kuwa salama mpaka 1990, tena baada ya kusafishwa kwa dawa. Nani kwetu mwenye ekari chache aweza kufunga malisho yake muda huo?

Zamani mpimaji alitegemea darubini. Ingali yafaa, lakini udongo umejaa viini vingine vya jamaa ya kimeta ambavyo kwa umbo hufanana nacho. Kwa hiyo siku hizi maabara hutafuta jeni, yaani maagizo yaliyomo ndani ya kiini. Sumu ya kimeta ina sehemu tatu, na maagizo ya zote tatu yamo katika pete moja ndogo. Pete ya pili ina maagizo ya utando unaokikinga kiini kisiliwe na chembe nyeupe za damu. Kwa kipimo kiitwacho PCR, kilichobuniwa Marekani mwaka 1983, kipande cha jeni hupashwa moto na kupozwa kwa zamu, na kila zamu huongezeka maradufu. Baada ya zamu 30 kipande kimoja huwa mamilioni mengi, hata kikaonekana. Kazi yenyewe ni ya saa chache.

Pete zote mbili hutafutwa kwa sababu. Kiini cha chanjo ya Sterne kina pete ya sumu lakini hakina ile ya utando. Ndiyo maana hukinga bila kuleta ugonjwa. Basi mtu akisema chanjo ndiyo iliyomwua ng'ombe wake (maneno hayo husemwa sana barazani) pete ya pili ndiyo itakayotoa jibu.

Lawama moja naikubali: majibu hukawia. Saa chache za kipimo hazina faida damu ikilala siku nne ofisini ikingoja gari, na hapo wakulima mna haki ya kudai. Lakini kukawia huko si ruhusa ya kugawa nyama. Achunaye ndiye hupata kidonda cheusi mkononi, na kuchemsha nyama hakumsaidii aliyekwisha kuishika. Ufunikeni mzoga kwa miiba, mbwa wasiufikie. Bwana Mifugo akiisha kutwaa damu, uchomwe au ufukiwe chini sana papo hapo ulipo, na mwulizeni siku hiyo hiyo juu ya kuwachanja ng'ombe waliosalia.