Lene isiyopendwa, tuipe kazi gani?

Juma hili tufungue ile sashe iliyo chini ya kitanda. Kila mama anayefuma trikoti anayo yake. Ndani mna donge la rangi ya machungwa lililonunuliwa kwa sababu bei ilikuwa ndogo, lene ya kijani iliyobaki kwenye pulova ya mtoto ambaye sasa ana ndevu, na uzi mmoja mgumu unaowasha shingo kama upupu. Hatutupi, juu ya pesa. Hatufumi, juu ya macho. Inakaa tu, na panya wanafurahi.

Mimi naona shida ni kwamba kila tukiitazama lene hiyo tunafikiri pulova. Haitakuwa pulova, tukubali. Tuitafutie kazi ndogo, ambayo mwenye kuitumia hataangalia rangi. Lakini kwanza sherti tujue uzi wenyewe ni wa nini, maana sisi tunaita zote lene, na nyingi zinazouzwa siku hizi si manyoya ya kondoo. Ni akriliki, inayotengenezwa kwa petroli.

Kujua ni rahisi. Kata kipande kirefu kama kidole, ukishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, ukiwashe kwa kiberiti, watoto wakiwa mbali. Manyoya yanawaka polepole, yananuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake yanasagika kwenye vidole. Akriliki inayeyuka na kuacha kijidonge cheusi, kigumu kama jiwe. Ngoja kipoe kabla ya kukigusa.

Sasa fikiri mbabula. Kitambaa cha kushikia sufuria ya bugali kikifumwa kwa akriliki, siku moja kitayeyuka na kugandamana na mkono wa mtu, na mara nyingi mtu huyo ni binti aliyetumwa jikoni. Kwa hiyo vishikio vya sufuria vifumwe kwa manyoya tu. Na hapa ule uzi unaowasha unapata heshima yake. Fuma mraba mkubwa kuliko unavyotaka, vitanzi vikiwa vimelegea, kisha uufue kwa maji ya moto na sabuni, ukisugua kwa nguvu. Manyoya yatashikana, mraba utapungua na kuwa mnene kama blanketi la zamani. Jambo lile lile linaloharibu pulova nzuri ya manyoya, hapa ndilo tunalolitaka. Rangi mbaya ya manyoya inaweza pia kubadilika: chemsha maganda ya vitunguu, tumbukiza uzi uliolowa, uache upoe humo humo. Unatoka wa manjano au wa kahawia. Akriliki haitashika rangi hiyo, usipoteze makala.

Wengi wetu lene hizi tulizipata kwa kufumua pulova za mitumba za Kadutu au Nyawera. Neno moja kwa wanaoendelea kununua hivyo: geuza pulova ndani nje, utazame mishono ya ubavuni. Ukiona kingo zimekatwa na kushonwa kwa mashine ya kuzungusha uzi, iache, maana kila mstari umekwisha kukatwa na utapata vipande vifupi tu. Ukiona kingo nzima zilizounganishwa kwa uzi mmoja, hiyo itafumuka vizuri. Uzi uliofumuliwa unajikunja kama nywele zilizotoka kwenye misuko. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali panne, uloweshe, uutundike na kitu kizito kidogo chini. Kesho yake umenyooka.

Rangi zinazopiga kelele zina dawa: fuma nyuzi mbili pamoja. Machungwa peke yake inaumiza macho, lakini ukiifuma pamoja na kahawia au kijivu inatulia, inakuwa ya madoadoa, na watu wanakuuliza umeinunua wapi.

Nije kwenye kazi ninayoipenda kuliko zote, nayo ni kofia za watoto wanaozaliwa. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mvua huku Muhumba, upepo ukitoka ziwani, kila mmoja wetu anaujua. Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu kwamba mtoto mchanga akiwa chini ya digrii 36.5 amekwisha kushikwa na baridi. Kichwa chake ni kikubwa kulinganisha na mwili, kimetoka kimelowa, na joto linapotelea hapo. Aliyezaliwa kabla ya juma la 37, au chini ya gramu 2,500, ana mafuta kidogo sana ya kujilinda. Dawa ya kwanza ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, namna waganga wa Bogotá, kule Kolombia, walivyoanza mwaka 1978 walipopungukiwa na mashine za kuwapasha watoto joto. Wanaiita njia ya kangaroo. Mtoto anakaa kifuani na nepi, soksi na kofia. Kofia inahitaji nusu tu ya donge la gramu 50.

Lakini tuelewane. Maternite si mahali pa kutupia tusivyovitaka. Uzi unaokuwasha wewe utamwasha yeye zaidi. Usugue chini ya kidevu chako kwa dakika nzima, na kama hungemvalisha mjukuu wako, rudi kwenye vishikio vya sufuria. Akriliki laini inafaa sana kwa kofia, kwa sababu inafuliwa mara nyingi bila kupungua. Rangi ya machungwa haimdhuru mtoto yeyote.

Kwa sindano namba 4 na uzi wa unene wa kawaida, anza vitanzi 64, au 52 kwa mtoto mdogo sana. Fuma viwili vya mbele, viwili vya nyuma, mpaka sentimita 14 (kwa mdogo 12). Kisha unganisha vitanzi viwili viwili mstari mzima, fuma mstari mmoja bila kupunguza, unganisha tena viwili viwili. Kata uzi, upitishe katika vitanzi vilivyobaki, kaza, shona ubavu. Usiweke kamba ya kufunga kidevuni, wala ua, wala kifungo. Na ukifuma soksi, geuza ndani uangalie: uzi unaoning'inia unaweza kuzunguka kidole cha mguu cha mtoto na kukata damu, naye analia bila mtu kujua sababu.

Kabla ya kufuma kofia kumi, muulize mkunga anakosa kipimo gani. Mara nyingi kofia za watoto wakubwa zipo, na zinazokosekana ni zile ndogo za vitanzi 52. Zifue, zikauke kabisa juani, ziingie katika sashe safi iliyofungwa. Ncha za uzi zinazobaki nitazipokea mimi kwa furaha: darasa langu la kwanza linafunga vijiti kumi kumi ili kujifunza kuhesabu, na kila juma tunakosa kamba.