Diski ya mtumba ikifungiwa, banda la gemu Kasikeu litaishi vipi?

Jumamosi mchana ukipita soko la Kasikeu, Sultan Hamud au Emali, utalisikia banda la gemu kabla hujaliona. Kuta za mabati, pazia kuukuu mlangoni, skrini mbili tatu, benchi la mbao, na vijana wanaobishana kama ile ilikuwa penalti au la. Ukifungwa, unampisha mwenzako. Ukitaka kulipiza kisasi, toa pesa nyingine.

Ndani ya banda kama hilo karibu kila kitu ni mtumba. Runinga ilitumika kwingine. PS4 ilikuja kutoka ng'ambo ikiwa na mikwaruzo yake. Diski ya FIFA ilinunuliwa Nairobi kutoka kwa msee aliyeichoka. Biashara nzima inategemea haki moja ambayo wengi wetu hatuifikirii kabisa: ukinunua kitu ni chako, na ukikichoka unaweza kukiuza.

Haki hiyo inapungua mwaka baada ya mwaka. Bunge halijapitisha sheria yoyote na hakuna polisi aliyevamia duka la diski. Mambo yanaamuliwa mbali, kule konsoli zinakotengenezwa. Kabla hujasema hiyo ni stori ya wazungu, piga hesabu kidogo.

Gemu kubwa mpya ya PS5 huuzwa dola 70, ambazo ni karibu Sh9,000. Tuseme banda linatoza Sh20 kwa mechi. Ili kurudisha Sh9,000 zinahitajika mechi 450, hata kabla ya kulipia stima na kodi ya nyumba. Sasa tuseme mwenye banda amepata diski ya mtumba kwa Sh3,000, na baadaye akaiuza Sh2,000. Gharama yake halisi ni Sh1,000, yaani mechi 50. Kati ya mechi 50 na mechi 450 ndipo banda linaposimama au kuanguka.

Kampuni za gemu zinaijua hesabu hii vizuri, na hazijaipenda tangu zamani. Diski ikiuzwa mara ya pili, muuzaji anapata, mnunuzi anapata, lakini aliyeitengeneza gemu hapati hata ndururu. Ndiyo maana mwaka 2010 EA, kampuni iliyokuwa ikitengeneza FIFA, ilianza kuweka namba ya siri ndani ya pakiti. Mnunuzi wa kwanza aliitumia kufungua mechi za mtandaoni. Ukinunua diski hiyo mtumba, ilibidi ulipe kama dola 10 upate namba yako. Wateja walilalamika sana, na Mei 2013 EA ikaachana na mpango huo.

Mwezi uliofuata Microsoft ikajaribu kitu kikubwa zaidi. Tarehe 6 Juni 2013 ilitangaza masharti ya Xbox One. Konsoli ingelazimika kuingia mtandaoni angalau mara moja kila saa 24, la sivyo gemu hazichezeki. Kumpa rafiki diski yako kungewezekana mara moja tu, tena awe kwenye orodha yako ya marafiki kwa siku 30. Kuuza mtumba kungepitia maduka yaliyoidhinishwa, na kampuni ya gemu ndiyo ingeamua kama inakubali.

Hebu fikiria sharti hilo la saa 24 mahali ambapo stima ikipotea hujui itarudi lini, na bando inanunuliwa kwa vipimo.

Siku nne baadaye, Juni 10, Sony ilipanda jukwaani Los Angeles. Ikasema PS4 haitazuia diski za mtumba wala haitadai intaneti kila siku. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. PS4 ilikuwa dola 399, Xbox One dola 499. Kufikia Juni 19 Microsoft ilikuwa imerudi nyuma na kufuta masharti yote, lakini sifa ilikuwa imeshaharibika. PS4 iliishia kuuza zaidi ya milioni 117, na mwaka 2022 Microsoft yenyewe ilikiri kwamba Sony iliuza zaidi ya mara mbili ya Xbox One. Bei ilichangia, ndiyo. Lakini uamuzi kuhusu mtumba ndio uliowafanya watu wengi wachague upande kabla hata konsoli hazijafika madukani.

Kwa nini mnunuzi wa gemu mpya ajali mtumba? Tazama Probox zinazobeba watu na mboga huku kwetu. Mwenye gari kule Japani anajua likizeeka litapata mnunuzi, kwa hivyo haogopi kununua jingine jipya. Serikali yetu inaweka kikomo cha miaka minane kwa magari yanayoingia, lakini Toyota haiwezi kuja Sultan Hamud na kusema gari hili limefungwa kwa jina la mwenyewe wa kwanza. Gemu ni hivyo hivyo. Jamaa wa Nairobi anatoa Sh9,000 roho ikiwa imetulia kwa sababu anajua baada ya miezi mitatu atarudishiwa sehemu ya hela zake. Ukimwondolea soko la mtumba, umempandishia bei ya gemu mpya.

Baada ya 2013 hakuna kampuni iliyojaribu tena kupiga marufuku mchana kweupe. Zimepata njia ya kimyakimya, ambayo ni kuondoa mahali pa kuingiza diski. Mwaka 2020 Xbox Series S ilitoka bila sehemu ya diski, na PS5 ikaja na toleo lisilo nayo. Novemba 2024 ikatoka PS5 Pro kwa dola 700, na ukitaka kifaa cha kusoma diski unakinunua kando. Huko gemu zote unazinunua kwenye duka la kampuni yenyewe, ambalo kwa kawaida hukata asilimia 30 ya kila mauzo. Na hakuna cha kuuza ukiichoka.

Wauzaji wameshaumia. GameStop ya Marekani, duka lililojengwa kwa faida ya gemu za mtumba, lilikuwa na matawi zaidi ya 6,000 mwaka 2013. Kufikia mwanzo wa 2024 yalibaki kama 4,000, na lilikuwa bado linafunga mengine. Uingereza, duka la GAME liliacha kununua gemu za mtumba kutoka kwa wateja Februari 2024. Diski nyingi za mtumba tunazoziona huku zilianzia safari yake nchi kama hizo. Kisima kikikauka huko, ndoo ya Luthuli Avenue itarudi tupu, na wa Kasikeu atakuwa wa mwisho kwenye foleni.

Utasema basi tununue mtandaoni kama wengine. Hapa ndipo shida ya Mkenya inapozidi. PlayStation Network haina duka rasmi la Kenya. Mei 2024 Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti yake, gemu hiyo iliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170, kwa sababu nchi hizo hazina huduma hiyo. Sony ililegeza sharti baada ya kelele za wachezaji. Hapa kwetu watu hufungua akaunti kana kwamba wanaishi Marekani au Uingereza, kisha wananunua kadi za kuongeza pesa kutoka kwa madalali. Wengine huuziana akaunti zenye gemu ndani. Hiyo ni hatari, kwa sababu aliyekuuzia anaweza kubadilisha nywila kesho na usiwe na pa kwenda kulalamika. Na kupakua gemu moja kunaweza kumaliza GB 50 na zaidi.

Tuwe wa haki kwa watengenezaji pia. Gemu kubwa huundwa na mamia ya watu kwa miaka kadhaa, na mshahara wao unatoka kwa mauzo ya kwanza. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kijana aliyezoea kucheza kwa Sh20 hana Sh9,000 za kuwapa leo. Ukilifunga banda, atahamia gemu za bure za simu, na kampuni za konsoli zitakuwa zimempoteza mteja ambaye kesho angepata kazi na kununua konsoli yake. Soko la mtumba ndilo lililomfundisha kuipenda PS.

Nchi nyingine zimeanza kuuliza maswali. Mahakama ya Juu ya Japani iliamua mwaka 2002 kwamba kuuza gemu za mtumba ni halali. Ufaransa, mahakama moja ilisema mwaka 2019 kwamba hata gemu ya kupakua inaweza kuuzwa tena, lakini uamuzi huo ukabatilishwa katika rufaa mwaka 2022. California, tangu Januari 2025, muuzaji wa gemu za kupakua lazima amwambie mnunuzi wazi kwamba anapewa leseni tu. Onyo hilo lina maana: Machi 2024 Ubisoft ilizima mitambo ya The Crew, na hata waliokuwa na diski mkononi hawakuweza kucheza tena.

Sisi tuna Kifungu cha 46 cha Katiba, kinachompa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa anayonunua. Onyo kama la California haliwezi kuwa jambo la ajabu Nairobi. Na kampuni zinazotaka tuache mtumba zingeanza kwa kutufungulia duka rasmi, lenye bei za shilingi na malipo ya M-Pesa.

Kwa sasa, kama unapanga kufungua banda au kununua konsoli yako ya kwanza, kuwa mwangalifu. Uliza kama ina sehemu ya diski. Ile isiyo nayo hukuvutia kwa bei nafuu, kisha inakutoza kwa kila gemu. Uliza kama gemu inachezeka bila intaneti. Ukinunua mtumba, ijaribu dukani hapo hapo, diski ikizunguka na skrini ikiwaka, kabla hujatuma pesa. Kutoka Kasikeu hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 100, na nauli ya kurudisha diski mbovu ni mechi kadhaa zilizopotea.