Tiyo ikijaa nyaya, tusiseme "itaingia tu"

Ndugu wanachama, umeme wa Inga unasafiri karibu kilomita 1,700 mpaka Kolwezi, ndipo ufike kwetu huku Katanga. Sasa tuuache utuunguzie ghala kwenye mita kumi za mwisho, kati ya kaunta na mashine ya kusaga mahindi?

Jambo hili naliona mara nyingi. Chama kinanunua mashine kwa pesa nyingi, halafu kinabana pesa kwenye tiyo ya plastiki. Fundi anavuta nyaya kwa nguvu na kusema: "Usiogope, papa, itaingia tu." Kweli, inaingia. Lakini ngozi ya waya imechubuka njiani. Nyaya zikibanana, joto halina pa kutokea. Ngozi inalainika, waya unagusa mwenzake, na magunia ya bunga yako pale pale.

Kanuni ya Wafaransa ni rahisi: nyaya, pamoja na ngozi zake, zisizidi theluthi moja ya nafasi ya ndani ya tiyo. Karani yeyote wa chama anaiweza hesabu yake. Pima upana wa ndani wa tiyo, zidisha namba hiyo kwa yenyewe, gawa kwa 3. Kisha pima upana wa kila waya na ngozi yake, zidisha kwa yenyewe, jumlisha zote.

Tuseme tiyo ina milimita 16 ndani: 16 × 16 = 256; gawa kwa 3, unapata 85. Mashine inataka nyaya 4 za milimita 5: 5 × 5 = 25, mara 4 ni 100. Imepita! Tiyo yenye milimita 20 ndani inatoa 133. Hiyo njo yetu. Ila angalia: namba iliyoandikwa kwenye tiyo kwa kawaida ni upana wa nje.

Kuna watakaosema tiyo kubwa ni bei. Mimi nasema ni bei ndogo kuliko mota iliyoungua wakati wa mavuno, mama wamepanga foleni na mabeseni yao.

Basi komite isimlipe fundi kabla hajaandika hesabu hii kwenye karatasi. Na kesho mtu akitaka kupitisha waya wa taa katika tiyo ileile, tuhesabu upya kwanza.