Jihadhari na Hanania na Miaka Yake Miwili

 

Ujumbe wa leo ni mchungu kidogo, lakini umeze. Nauandika kwa ajili ya mtumishi wa Mungu aliye mahali padogo. Wewe uliyefungua kazi miaka minne iliyopita na hadi leo kanisa zima linaenea kwenye mashua moja. Wewe uliyepanga mkutano wa injili, ukakodi vyombo, na siku yenyewe mhubiri hakufika. Wewe uliyeahidiwa mabati, na aliyeahidi hashiki simu tena. Wewe mke wa mchungaji unayepika mahamri alfajiri ili watoto waende shule, na Jumapili unasimama mbele kuongoza sifa kana kwamba hukulia usiku.

Umevunjika moyo, na Mungu anajua. Lakini kuna mtu amekuja kutia msumari wa moto juu ya kidonda. Amekuambia kwamba kosa ni lako.

Mafundisho yake unayajua. Anasema Mungu akikutuma, mambo hunyooka. Yasiponyooka, ama imani yako ni haba, ama kuna laana ya ukoo, ama kuna madhabahu ya giza inapigana na huduma yako. Dawa ni kujiunganisha na nabii, kupanda mbegu, na ndani ya siku 21 utaona upenyo. Nambari ya kutuma hiyo mbegu iko hapo chini ya video.

Mpendwa, hiyo si Injili. Huyo ni Hanania.

Hanania ni nani? Fungua Yeremia 28. Watu wa Yuda walikuwa wamechukuliwa mateka Babeli. Mipango yao yote imevunjika: hekalu liko mbali, vyombo vya Bwana vimeporwa, makuhani hawana kazi. Ndipo Hanania mwana wa Azuri akasimama ndani ya nyumba ya Bwana, mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwa jina la Bwana kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi. Akaivua nira shingoni mwa Yeremia, akaivunja. Naweza kukuhakikishia kwamba siku ile watu walishangilia. Nani hapendi kuambiwa miaka miwili?

Tazama Yeremia alivyojibu. Mstari wa 6, alisema Amina! Alitamani iwe hivyo. Hakuwa mtu anayefurahia mateso ya watu. Lakini Bwana akamrudisha kwa Hanania na ujumbe mwingine: hukutumwa, na umewafanya watu hawa wautumainie uongo. Mwaka ule ule, mwezi wa saba, Hanania akafa.

Baada ya hapo ndipo inakuja ile barua ya sura ya 29. Mstari wa 11 tunaupenda. Tumeuweka kwenye kalenda, kwenye matatu, kwenye kadi za harusi. Mungu anayajua mawazo anayotuwazia, mawazo ya amani. Amina. Lakini ni wangapi wetu wamesoma mstari wa 10? Mstari wa 10 unasema miaka 70. Sabini, mpendwa! Wazee wengi waliosomewa barua ile walijua watazikwa Babeli. Ahadi ya mstari wa 11 walipewa watu ambao mipango yao ilikuwa imekufa na isingefufuka wakiwa hai. Na mstari wa 8 na wa 9 unawaonya wasiwasikilize manabii wa kuwapa ndoto tamu.

Kwa hiyo mtu akikupa mstari wa 11 huku ameuficha wa 10, amekupa neno la Yeremia kwa roho ya Hanania.

Hebu tuulizane bila kuogopana. Usiku wa kuukaribisha mwaka 2020, makanisa mangapi yalitangaziwa kuwa huo ni mwaka wa upenyo, mwaka wa kupanuka, mwaka wa milango kufunguka? Kufika Machi, milango ya makanisa ilifungwa nchi nzima, na ya misikiti pia. Waliotangaza hawakurudi kuomba radhi. Walibadilisha kichwa cha ujumbe, wakaendelea.

Na sisi wa Lamu tuna swali zito zaidi. Mwezi wa Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa na watu wengi wakauawa usiku. Ikaja amri ya kutotoka nje usiku katika kaunti yetu, na makesha ya maombi yakasimama. Sasa wewe unayefundisha kwamba mwenye imani hapatwi, njoo usimame mbele ya mjane wa Mpeketoni umwambie mumewe hakupanda mbegu ya kutosha. Huwezi. Basi kama mafundisho yako hayawezi kusemwa mbele ya mjane, usiyaseme mbele ya kamera.

Tena tazama watumishi waliokuja pwani hii kabla yetu. Johann Ludwig Krapf hakuwa na mpango wa kuja Mombasa. Moyo wake ulikuwa kwa Waoromo. Alikwenda Ethiopia mwaka 1837 na akafika Shoa, lakini kufikia 1842 njia ya kurudi huko ilikuwa imefungwa. Akazunguka kwa bahari akitafuta kuwafikia Waoromo kutoka upande wa kusini. Mwaka 1844 akakaa Mombasa na mkewe Rosine. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Rosine akafariki kwa homa, na siku chache baadaye mtoto wao mchanga wa kike akafuata.

Ule mwaka 1844 ungekuwa na simu, Hanania angempigia Krapf na kumwambia: mtumishi, hapo kuna madhabahu, toka.

Krapf alifanya nini? Alikuwa ameanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Akaendelea na kazi ya lugha. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakapanda Rabai wote wawili wakiugua homa. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1850. Kamusi yake ilitoka 1882, na yeye alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla. Na Rebmann? Alikaa hadi 1875, miaka 29, macho yakapofuka akiwa kazini. Waliobatizwa miaka yote ile walikuwa wachache mno. Wa kwanza, Mringe, alikuwa mtu mlemavu, na alibatizwa akiwa karibu na kufa.

Pima Rebmann kwa kipimo cha Hanania. Miaka 29, hakuna ukumbi, hakuna umati, na macho hayaoni. Angeambiwa ana roho ya kukataliwa.

Na wale Waoromo aliowalilia Krapf? Biblia nzima ya Kioromo ilichapishwa 1899, Krapf akiwa kaburini miaka 18. Mfasiri wake mkuu, Onesimos Nesib, alikuwa Mworomo aliyewahi kuuzwa utumwani akiwa mtoto. Mungu hakuwa amewasahau Waoromo. Alikuwa na mtu mwingine na njia nyingine, ambayo Krapf hakuiandika kwenye mpango wake.

Sikiliza vizuri hapa, maana wengine tunaruka haraka. Sisemi Mungu alimchukua Rosine ili sisi tupate kamusi. Usimwambie hivyo mtu yeyote aliyefiwa. Yule mama alikuwa mtu, na kile kitoto kilikuwa mtu. Kifo ni adui, Paulo mwenyewe amekiita adui wa mwisho. Ninachosema ni hiki: kuvunjika kwa mpango hakukuwa ushahidi kwamba Mungu hakumtuma Krapf, na mafanikio yaliyokuja baadaye hayakuhitajika ili Mungu awe mwaminifu mwaka 1844. Alikuwa mwaminifu pale kaburini, kabla ya kurasa zozote kuchapishwa.

Hata Paulo alizuiwa. Soma Matendo 16: alitaka kuhubiri Asia, akakatazwa na Roho. Akajaribu Bithinia, akazuiwa tena. Soma Warumi 15: alipanga kupita Rumi akielekea Hispania. Rumi alifika, lakini kama mfungwa, baada ya kuvunjikiwa merikebu. Je, Paulo alikuwa na laana ya ukoo?

Najua utaniuliza, "Mchungaji, sasa unatufundisha kukata tamaa? Tusiombee miujiza? Tusipange?"

Hapana. Sisi ni Wapentekoste. Tunawawekea wagonjwa mikono, tunanena kwa lugha, tunaamini Mungu anasema hata leo. Mtu akiniambia mlango utafunguka kesho, nitasema Amina kama Yeremia. Lakini nitaendelea kulima shamba la Babeli huku nikingoja, na akitaka pesa ndipo Mungu afungue, nitajua aliyemtuma.

Na wewe mvivu usijifiche nyuma ya ujumbe huu. Hapa Kipungani kusi ikivuma, bahari inachafuka na mashua ndogo hazitoki nje. Mvuvi wa hapa hasemi bahari imelaaniwa. Hatafuti mtu wa kumuuzia mafuta ya kutuliza upepo. Pia halali. Anapandisha mashua, anatia kalafati, anashona nyavu. Kaskazi ikirudi, chombo chake kiko tayari. Aliyelala miezi yote ya kusi akianza kuingiwa na maji baharini, hawezi kusema ni mapenzi ya Mungu. Ukose umati kwa sababu kijiji ni kidogo, hilo ni jambo moja. Ukose umati kwa sababu hutembelei washirika na hujiandai kuhubiri, hilo ni jambo lingine, na dawa yake ni toba.

Basi ufanye nini? Rudi kwenye barua. Yeremia 29 mstari wa 5 hadi wa 7 unawaagiza mateka mambo ya kawaida kabisa: wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa, wauombee heri mji waliopelekwa. Hakuna hata agizo moja pale linalohitaji vipaza sauti.

Kama una washirika saba, wajue kwa majina na ujue shida zao. Soma nao kitabu kizima cha Biblia, sura kwa sura, hata kichukue mwaka. Waombee majirani zako. Sisi huku tuliookoka ni wachache na majirani zetu wengi ni Waislamu. Wakifiwa, nenda. Wakiugua, beba maji. Kuombea heri ya mji ni pamoja na mtu ambaye hatakuja kanisani kwako kamwe.

Kina mama wa Kipungani wanasuka ukili siku baada ya siku, utepe mwembamba unaozungushwa na kuwekwa kando. Ukiutazama, si mkeka. Huwezi kuulalia. Lakini bila ukili hakuna mkeka utakaoshonwa. Usimwache mtu akudharaulie ukili wako kwa sababu yeye anatafuta mkeka wa kupiga picha.

Na ninyi viongozi wetu wa juu, ruhusuni niseme kwa heshima. Mkimwita mtumishi kutoka kijijini, msimuulize kwanza ana watu wangapi na sadaka ni kiasi gani. Muulizeni anakula nini. Muulizeni mkewe anaendeleaje. Swali la idadi likitangulia kila mara, mnampeleka mtoto wenu kwa Hanania kwa mkono wenu wenyewe, kwa sababu Hanania anauza idadi.

Mtumishi, kabla hujatuma ile mbegu leo, ngoja. Pesa hiyo ni ya unga na karo. Weka simu chini. Soma Yeremia 28 na 29 pamoja, kwa sauti, na mwenzi wako akisikia. Kisha mwambie Mungu ukweli, pamoja na hasira yako. Yeremia alimlalamikia Mungu mara nyingi na bado akabaki nabii wake.

Tuombe.

Baba, tunakushukuru kwa sababu neno lako halina haraka wala halichelewi. Mkumbuke mtumishi wako aliyevunjika moyo usiku huu. Mfiche na kila sauti inayomtoza pesa kwa machozi yake. Mpe chakula cha kesho. Mpe mtu mmoja wa kumtia moyo. Kama utafungua mlango mwaka huu, tutaimba. Kama ni miaka sabini, tupe neema ya kupanda bustani. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama unamjua mtumishi aliye mahali padogo, mtumie ujumbe huu. Kisha mpigie simu, usiishie kutuma.

Mbarikiwe sana.

Mchungaji wenu,
Kipungani, Lamu