Tusiwacheke Wasakao Sauti za Mbali

Wako watu ambao burudani yao ni kukaa saa nyingi kando ya redio, wakizungusha kitufe polepole, wakingojea idhaa ya FM ya nchi ya mbali ijitokeze katikati ya mikwaruzo. Aghalabu huchekwa. Huulizwa wapata faida gani kusikia habari za soko la mji wasioujua. Maoni yetu ni kwamba kicheko hicho hakistahili.

Mawimbi ya FM, yaani yale yaliyo baina ya megahezi 88 na 108, husafiri kwa mstari ulionyooka, na kwa kawaida hayafiki mbali kupita upeo wa macho. Lakini ziko siku, hasa kati ya Mei na Agosti huko Ulaya, ambapo tabaka la anga lililo yapata kilomita 100 juu yetu huyarudisha mawimbi hayo ardhini. Hapo idhaa iliyo umbali wa kilomita 1,500 au 2,000 husikika kana kwamba iko mtaa wa pili, kisha hutoweka. Mwezi wa Juni, 2003, msikilizaji mmoja wa Ireland ya Kaskazini alinasa idhaa ya FM ya jimbo la Maine, Marekani, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Hakuomba ruhusa ya mtu, wala hakulipa senti.

Mlango huo sasa unafungwa. Mwaka 2017 Norwei ilizima idhaa zake za taifa za FM na kuhamia dijiti. Shirika la utangazaji la umma la Uswisi likafuata mwishoni mwa 2024. Sababu zao twazielewa: kuendesha mitambo ya aina mbili ni gharama, na dijiti hubeba idhaa nyingi zaidi.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina pengo. Mwenye redio ya FM hakuna ajuaye anasikiliza nini, wala mpaka wa nchi haumzuii. Asiyemudu redio mpya ya dijiti hubakiwa na simu yake. Nayo hula fedha kila asikilizapo, na huacha nyayo kila apitapo.

Sisi tumekwisha kuionja hali hiyo katika televisheni. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia mwishoni mwa 2012, asiye na king'amuzi alibaki akitazama kioo kitupu. Zamu ya redio ikifika, hapana budi wakubwa wetu wapime zaidi ya gharama za mitambo. Wamkumbuke mkulima mwenye redio ya betri mbili, na kijana anayejifunza siri za anga kwa kipande cha waya.

Wasakao sauti za mbali wanatukumbusha kwamba hewa ni mali ya wote. Dijiti na ije, lakini wahenga walituusia: usiache mbachao kwa msala upitao.