Pweza Hahamii Biharamulo

Najua nimepotea, majaribio yalibana na bumu likachelewa, mnajua wenyewe. Leo nina hoja ya pweza. Kabla hamjaanza mambo ya supu ya jioni, tulieni kwanza.

Mimi kwetu Ngara. Mwaka jana mazoezi ya ufundishaji nilifanyia Biharamulo, somo la baiolojia. Siku ya moluska nikawaambia wanafunzi kwamba konokono anayetambaa kwenye migomba yao ana ndugu baharini mwenye mikono minane, mioyo mitatu na damu ya bluu. Darasa zima likacheka. Binti mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, umemwona wewe?" Nikasema ndiyo. Ukweli nilikuwa nimemwona kwenye sinia, vipande vipande, na kijiti cha meno pembeni. Basi kwa kujitetea nikaahidi kwamba nikirudi nitakuja na pweza hai, tumfuge maabara kwenye tangi la kioo.

Nilijaribu kweli. Mwezi Machi mvuvi mmoja kule Kigamboni aliniuzia pweza mdogo, mzima kabisa, nikamleta hosteli kwenye ndoo ya lita 20 yenye maji ya bahari. Tukaifunika kwa sinia, juu tukaweka kamusi. Saa nane usiku mwenzangu wa chumbani akapiga yowe: jamaa yuko chini ya kitanda! Pweza hana mfupa. Kigumu ni ule mdomo wake unaofanana na wa kasuku, na mdomo ukipita tunduni, mwili wote unafuata. Tukamrudisha. Asubuhi tukamkuta amekufa, amepauka, maji yananuka. Anatumia oksijeni nyingi na anachafua maji haraka, halafu mimi sikuwa hata na pampu ya hewa. Nilimuua, sina la kuzunguka hapo.

Sasa washkaji wananiambia kosa ni ndoo, ningekuwa na vifaa ningefaulu. Mimi nimeshabadili msimamo: pweza hafai kufugwa ndani, hata kwa kisingizio cha elimu. Pigeni hesabu na mimi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo tangi la lita 300 linakula kilo 10 na nusu. Na siyo chumvi ya jikoni, wala ile ya Uvinza, kwa sababu bahari ina magnesi, kalsiamu na mengine mengi kwa kiwango chake. Kisha tangi likae wiki kadhaa bila pweza mpaka bakteria wa kubadili amonia wazaliane vya kutosha. Shaba kidogo tu ikiingia majini, msiba. Pampu iende usiku na mchana. (Mtasema Rusumo iko wilayani kwetu, mitambo ya megawati 80 tunagawana na Rwanda na Burundi. Naam, lakini nguzo ikianguka imeanguka.) Chakula chake kikuu ni kaa. Kagera na Ruvubu ni mito ya maji baridi, bahari iko zaidi ya kilomita 1,000. Nitakuwa naagiza kaa kwa basi?

Tuseme yote nimeyaweza. Pweza wa miamba yetu anaishi kama mwaka na kitu hivi. Jike akishataga anaacha kula, analinda mayai mpaka yaanguliwe, naye anakufa. Yaani darasa lingempokea kidato cha kwanza na kumzika kidato cha pili.

Halafu siyo kiumbe wa kukaa tu akitazamwa. Mwaka 2016 pweza aitwaye Inky alitoka kwenye tangi lake usiku huko Napier, New Zealand, akakatiza sakafuni, akaingia kwenye bomba linalomwaga maji baharini, akaenda zake. Pale kuna wataalamu na mitambo. Mimi nina kamusi. Kule Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji wamewahi kufunga sehemu ya miamba kwa miezi kadhaa, hakuna kuchokoa, ili pweza wakue. Wanaomjua wanamwacha pangoni kwake.

Kwa hiyo nitanunua Feri pweza aliyekwisha kufa, nimtie kwenye formalini, tumpasue darasani. Mioyo mitatu wataihesabu wenyewe. Damu ya bluu sitaweza kuwaonyesha, hapo watanizomea. Konokono hai wataokota wao migombani, huyo anafugika hata kwenye ndoo.

Yule binti kanitumia meseji juzi kwa simu ya kaka yake: "Mwalimu, pweza ameshapanda basi?" Sijamjibu bado. Naondoka Julai. Mwenye chupa kubwa ya kioo yenye mfuniko unaokaza aniambie, nitairudisha.